Corolla ya zamani ikianza kusumbua: jinsi ya kupima injini kabla ya kununua kipuri

Gari la zamani linapoanza kumisi (silinda moja au zaidi kutowaka), kuchemsha au kugoma kuwaka asubuhi, pesa nyingi hupotea kwa kubahatisha. Leo plagi, kesho koili, keshokutwa pampu ya mafuta, na mwisho inasemekana injini imechoka, itafutwe nyingine Kariakoo. Mara nyingi ugonjwa wenyewe ni waya wa ethi (wa upande hasi wa betri) uliooza au mpira wa vakyumu (wa mvuto wa hewa ya injini) uliopasuka. Mwongozo huu unafuata mpangilio wa vipimo, kuanzia kile cha bure na chepesi hadi kile kinachohitaji kufungua kitu.

Mfano tunaoutumia ni injini ya Toyota 5A-FE, ya cc 1,498, iliyomo kwenye Corolla AE100 na AE110, Sprinter za miaka hiyo na Carina Ti. Ndugu yake 4A-FE anapimwa vilevile. Namba tunazotoa ni za familia hii. Kwa gari lingine mpangilio ni uleule, ila tafuta namba zake.

Vifaa

Multimita ya kawaida, spana ndefu ya plagi ya milimita 16, fila geji (vipande vyembamba vya kupimia nafasi), geji ya kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda), plagi moja nzima ya akiba, taa ya taimingi kama unaweza kuazima, bisibisi ndefu, tochi, kopo la dawa ya kusafishia kabureta, na kipande cha waya cha sentimita 10 kilichochunwa ncha zote mbili. Geji ya kompresheni ya kufunga kwa nati ni bora kuliko ya kubana kwa mkono, kwa sababu ya kubana huvujisha na kukupa namba za uongo.

Anza kwa kuuliza, spana baadaye

Andika kwenye karatasi tatizo linatokea lini. Injini ikiwa baridi au ya moto? Ikiwa sailensa tu, yaani inazunguka bila kukanyagwa mafuta, au ukikanyaga? Mlimani? AC ikiwashwa? Lilianza baada ya kuoshwa injini, kujaza mafuta kituo kipya, au kutoka gereji? Swali hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Tatizo lililoanza siku gari lilipotoka kwa fundi karibu siku zote ni kitu alichokigusa: plagi ya umeme (kiunganishi cha waya, si plagi ya cheche) ambayo haikubana, mpira uliosahaulika, waya za plagi zilizopishana.

Mpangilio wa silinda kuwaka ni 1-3-4-2. Silinda namba 1 ni ile ya upande wa mkanda wa taimingi, yaani upande wa kulia wa gari.

Kisha fungua boneti injini ikiwa imepoa na uangalie kwa macho dakika kumi. Kiwango cha oili na rangi yake. Maji kwenye rejeta yenyewe, si kwenye chupa ya akiba peke yake. Mipira yote midogo ya vakyumu: ikunje kwa vidole, ile iliyokakamaa ina nyufa usizoziona ikiwa imetulia. Teminali za betri. Waya wa ethi kutoka betri hadi bodi na hadi injini.

Betri na ethi

Kompyuta ya injini hii haivumilii umeme dhaifu, kwa hiyo hatua hii usiiruke hata kama stata inazunguka vizuri.

Gari likiwa limelala usiku kucha, betri iliyojaa inasoma volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, na chini ya 12 haina kitu. Weka mita kwenye nguzo za betri, mtu apige stata: isishuke chini ya 9.6. Gari likiwaka, taa kubwa zikiwa zimewashwa, usome kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu, altaneta haichaji. Ikipita 15, regyuleta imekufa na itaua betri na balbu.

Sasa pima ethi. Mita ikiwa kwenye volti za DC, gusa ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri yenyewe (si kwenye klempu), nyingine kwenye chuma safi cha injini, kisha piga stata. Ikizidi volti 0.5, ethi ni mbovu. Ethi mbovu huleta vituko visivyo na mpangilio: geji zinacheza, injini inazima ukiwasha taa, misimbo (namba za hitilafu zinazohifadhiwa na kompyuta) ya sensa tatu tofauti inajitokeza pamoja. Kusugua klempu na sehemu ya bodi kwa msasa na kukaza upya kunagharimu muda tu.

Kusoma misimbo bila mashine

Injini hizi hazihitaji mashine ya kompyuta. Karibu na ukuta wa injini au pembeni mwa taa kuna kijisanduku chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ndani ya kifuniko kuna mchoro wa matundu na majina yake.

Kwanza, weka swichi ON bila kuwasha gari. Taa ya cheki injini lazima iwake. Isipowaka, balbu imeungua au imetolewa makusudi, na kwenye magari ya mitumba yanayouzwa mkononi hilo la pili si geni. Rudisha balbu kwanza.

Zima swichi. Unganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kile kipande cha waya. Soma mchoro mara mbili: ukigusanisha +B na E1 utachoma fyuzi au zaidi. Zima AC, gia iwe P au N, usikanyage mafuta. Weka swichi ON na uhesabu. Taa ikipepesa mfululizo kwa mwendo mmoja, mara mbili kila sekunde, kompyuta haijahifadhi kosa. Ikiwa kuna kosa, inapepesa tarakimu ya kwanza, inapumzika sekunde moja na nusu, kisha ya pili. Pepeso mbili, kituo, pepeso mbili ni 22.

Misimbo inayokutwa sana ni hii:

12 na 13: ishara ya mzunguko haifiki, angalia distribyuta (kigawa cheche kwa silinda) na plagi yake ya umeme.
14: ishara ya kuwasha cheche hairudi kwenye kompyuta, angalia koili na ignita (kifaa cha kielektroniki kinachoiamuru koili).
21: sensa ya oksijeni kwenye ekzosi.
22: sensa ya joto la maji.
24: sensa ya joto la hewa.
25 na 26: mchanganyiko ni mwembamba au ni mzito.
31: sensa ya vakyumu.
41: sensa ya throto (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta).
42: ishara ya mwendo wa gari.
51: AC imewashwa, au gia haiko P au N, au umekanyaga mafuta. Si ugonjwa.

Msimbo hautaji kipuri kilichokufa, unataja njia yenye hitilafu. Namba 31, kwa mfano, hutokana na plagi ya sensa iliyolegea au waya uliokatika kabla ya sensa yenyewe kufa. Na ule mpira wake mwembamba ukichomoka, gari litakunywa mafuta na kutoa moshi mweusi hata kama msimbo haukuandikwa, kwa kuwa kompyuta inaamini injini imebeba mzigo mkubwa muda wote. Angalia mpira, plagi, waya, ndipo sensa.

Ukimaliza, zima swichi na uchomoe fyuzi ya EFI ya ampia 15 kwa nusu dakika kufuta kumbukumbu. Endesha, kisha soma tena. Msimbo unaorudi ndio wa kushughulikia. Usiporudi, lilikuwa tatizo la zamani ambalo hakuna aliyelifuta.

Stata inazunguka, gari haliwaki

Ili iwake, injini inataka cheche kwa wakati wake, petroli yenye presha na kompresheni. Tafuta ni kipi kimekosekana kabla ya kununua chochote.

Cheche kwanza. Chomoa plagi za umeme za nozeli (vinyunyizio vya petroli) zote nne ili petroli isimwagwe ndani. Usitoe fyuzi ya EFI kwa kipimo hiki: kompyuta itazimika na cheche haitatoka kabisa, nawe utadhani koili imekufa. Chomoa waya mmoja wa plagi, chomeka ile plagi ya akiba, ilaze chuma chake kigusane na injini mbali na petroli iliyomwagika, na mtu apige stata. Usiishike kwa mkono. Cheche nzuri ni ya buluu, nene, na unaisikia ikilia. Ya njano na nyembamba ni dhaifu.

Hakuna cheche kabisa kwenye waya zote? Fungua kifuniko cha distribyuta na utazame rota, kile kipande kinachozunguka ndani yake, wakati stata inapigwa. Rota isipozunguka, mkanda wa taimingi umekatika au umekwanguka meno. Kwenye 5A-FE valvu kwa kawaida hazigongani na pistoni mkanda ukikatika, kwa hiyo mkanda mpya na taimingi sahihi hulirudisha gari barabarani. Usikubali kuambiwa silinda hedi imeharibika kabla mkanda haujafungwa na kompresheni kupimwa. Rota ikizunguka, rudi kwenye msimbo 12 au 14, kisha koili, ambayo kwenye baadhi ya gari imo ndani ya distribyuta na kwenye nyingine imefungwa pembeni.

Cheche ikiwepo, hamia kwenye petroli, baada ya kurudisha plagi za nozeli. Kwenye kile kijisanduku unganisha FP na +B, swichi ON. Pampu inapaswa kuvuma ndani ya tanki. Mtu asikilize kiti cha nyuma. Ikivuma hapa lakini haivumi stata ikipigwa, pampu ni nzima: tatizo ni rilei yake, waya, au ile ishara ya mzunguko kutoka distribyuta. Isipovuma kabisa, pima kama umeme unafika kwenye plagi ya pampu kabla ya kuinunua.

Kuvuma pekee si ushahidi kwamba presha ipo. Ukiweza kupata geji ya presha, na mpira wa vakyumu wa regyuleta ya presha ya petroli ukiwa umechomolewa, usome psi 38 hadi 44. Baada ya kuzima, presha ibaki juu ya psi 21 kwa dakika tano. Ikishuka haraka, ndiyo sababu gari linahitaji kupigiwa stata mara tatu kila asubuhi: valvu ya kuzuia ndani ya pampu, regyuleta au nozeli inavujisha. Mpira uleule wa regyuleta ukikutwa na petroli ndani, kiwambo chake kimetoboka. Hilo pia hufanya gari kunywa mafuta na plagi kuwa nyeusi.

Chujio la petroli lililoziba lina dalili yake: mjini gari liko sawa, barabara kuu au mlimani likiwa na mzigo linakosa nguvu. Wanaojaza kutoka kwenye madumu wabadilishe chujio mapema zaidi, na wakumbuke kwamba maji hukaa chini ya petroli na pampu inanyonya kutoka chini.

Gari linamisi

Injini ikiwa sailensa na ya moto, chomoa plagi ya umeme ya nozeli moja, sikiliza, rudisha, nenda ya pili. Silinda nzima ikizimwa, mlio unabadilika na mzunguko unashuka. Ile ambayo ukiichomoa hakuna kinachobadilika ndiyo inayomisi. Njia ya kuchomoa waya za plagi gari likiwa linawaka imezoeleka, lakini inaweza kuua koili au ignita, na itakurusha.

Sasa hamisha. Plagi ya silinda mbovu ibadilishane na ya jirani, upime tena. Misi ikihama, ni plagi. Isipohama, hamisha waya. Waya wa plagi upimwe ohm: usizidi kilo-ohm 25 kwa waya mmoja. Isipohama tena, sikiliza nozeli kwa bisibisi ndefu iliyogusa mwili wake. Zote nne zinapaswa kugonga kwa mlio mmoja, na kila moja isome karibu ohm 13.8. Ikiwa umeme na petroli ni sawa, imebaki kompresheni.

Kuna ugonjwa wa ukoo kwenye injini hizi: unachomoa waya na kukuta tundu la plagi limejaa oili. Sili za matundu ya plagi kwenye kifuniko cha valvu zimekakamaa. Oili inakula mpira wa waya, na cheche inapata njia ya mkato. Kununua waya mpya bila kubadilisha sili hizo na gasketi ya kifuniko ni kujirudisha gereji baada ya miezi michache.

Ndani ya kifuniko cha distribyuta tafuta michirizi myeusi mithili ya mizizi kati ya pini na pini. Ikiwepo, kifuniko kimekwisha. Gari linalomisi siku za mvua au baada ya kuoshwa lipimwe gizani: washa injini na unyunyizie waya maji kidogo sana kwa chupa ya pasi. Utaziona cheche zikiruka nje.

Plagi zenyewe zina habari. Kahawia hafifu ni afya. Nyeusi na kavu kama masizi: petroli nyingi. Nyeusi yenye unyevu wa oili: ringi au sili za valvu. Nyeupe iliyokwanguka: joto kupita kiasi au mchanganyiko mwembamba. Moja safi kupita wenzake, kana kwamba imeoshwa: maji yanaingia kwenye silinda hiyo. Nafasi ya plagi za kawaida ni milimita 0.8, za NGK ambazo namba yake inaishia na 11 ni milimita 1.1. Zikaze kwa nguvu ya Nm 18, si kwa uzito wa mwili. Hedi ni ya aluminiamu na nyuzi zake hukwanguka.

Sailensa inayopanda na kushuka

Injini inayonguruma juu, ikashuka, ikapanda tena, inanyonya hewa mahali isipotakiwa au njia yake ya hewa ya sailensa imeziba kwa kaboni. Puliza dawa ya kabureta kidogo kidogo kwenye viungo vya manifoldi, mpira wa breki busta na mipira midogo, mbali na ekzosi na waya za plagi, na kifaa cha kuzima moto kikiwa karibu. Mahali ambapo mlio unabadilika ndipo panapovuja. Kisha safisha throto bodi na valvu ya sailensa.

Skrubu ya sailensa isiguswe kabla ya hapo. Ikiwa ya moto bila AC inatakiwa izunguke takriban 700 hadi 800 kwa dakika. Taimingi, yaani wakati wa cheche, ni digrii 10 kabla ya pistoni kufika kilele, na ipimwe TE1 na E1 zikiwa zimeunganishwa. Fundi anayezungusha distribyuta kwa kusikiliza tu, bila waya huo na bila taa, anarekebisha namba ambayo kompyuta inaibadilisha wakati huohuo. Matokeo ni gari linalogongagonga mlimani.

Ikiwa gari ni gumu kuwaka likiwa la moto na plagi ni nyeusi, pima sensa ya joto la maji, ile yenye pini mbili (yenye waya mmoja ni ya geji). Kwenye nyuzi 20 isome kilo-ohm 2 hadi 3, kwenye nyuzi 80 ishuke hadi 0.2 hadi 0.4. Sensa inayobaki juu inaidanganya kompyuta kwamba ni asubuhi siku nzima.

Kompresheni

Hiki ndicho kipimo kinachoamua kama injini inastahili kuwekewa fedha. Kifanyike kabla ya kununua gari la zamani pia.

Pasha injini hadi joto lake la kazi. Toa plagi zote nne. Chomoa plagi za nozeli na plagi ya umeme ya distribyuta. Funga geji kwenye silinda ya kwanza, mtu akanyage mafuta hadi chini kabisa na apige stata hadi sindano isipande tena, kwa kawaida mizunguko mitano hadi saba. Andika. Rudia kwa zote, na betri iwe na nguvu ileile hadi mwisho.

Injini mpya inasoma karibu psi 191. Kikomo cha chini ni 142, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 14. Namba hizi ni za usawa wa bahari. Dar es Salaam, Tanga na Mombasa zitumie kama zilivyo. Mbeya au Nairobi, karibu mita 1,700 juu, hewa ni nyembamba na injini nzima itasoma pungufu kwa asilimia 15 hadi 18. Psi 155 kwenye silinda zote nne huko si injini iliyochoka. Huko tazama zaidi usawa kuliko ukubwa wa namba.

Silinda ikisoma chini, mimina kijiko kimoja cha chai cha oili ya injini kupitia tundu la plagi, upime tena. Ikipanda sana, ringi au ukuta wa silinda umekwisha, maana oili imeziba nafasi kwa muda. Isipopanda, hewa inatokea juu: valvu haifungi au gasketi. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja na nyingine nzima, gasketi ya hedi imeungua kati yake. Zote nne zikiwa chini kwa kiwango kimoja, angalia kwanza kama mafuta yalikanyagwa hadi mwisho na kama mkanda wa taimingi haujaruka jino.

Kabla ya kuhukumu valvu kuwa zimeungua, pima nafasi yake injini ikiwa baridi. Valvu za kuingiza hewa zinatakiwa milimita 0.15 hadi 0.25; za ekzosi huwa pana zaidi. Nafasi ikiisha, valvu haikai vizuri na kompresheni inapotea, na hapo dawa ni shimu (kisahani cha chuma cha kurekebisha nafasi) ya unene mwingine.

Moshi unathibitisha ulichokipima. Wa buluu dakika ya kwanza asubuhi kisha ukaisha: sili za valvu, ambazo hubadilishwa bila kugusa pistoni. Wa buluu kila ukikanyaga: ringi. Ila kabla ya kusema ringi, chomoa valvu ya PCV (inayorudisha mvuke wa ndani ya injini ukachomwe) kwenye kifuniko cha valvu na uitikise. Isipolia imeganda, na injini inaweza kula oili kwa sababu ya kipuri hicho kidogo tu. Pima ulaji kwa namba: jaza hadi alama ya juu, tembea kilomita 1,000, angalia. Nusu lita kwa gari la umri huu inavumilika. Lita moja ni kikomo.

Kuchemsha

Usifungue mfuniko wa rejeta ya moto, na usimwage maji baridi kwenye injini iliyochemka. Hedi ya aluminiamu hupinda, na upindaji unaokubalika ni milimita 0.05 tu. Zima, subiri hadi mpira wa juu ushikike kwa mkono.

Lichemkalo kwenye foleni lakini likipoa likikimbia lina tatizo la feni. Chomoa plagi ya swichi ya joto ya feni na uweke swichi ya gari ON: kwenye Corolla hizi feni lazima izunguke papo hapo, kwa sababu swichi ya joto inapokata njia ndipo feni huwaka. Ikizunguka, swichi hiyo ya joto inahojiwa. Isipozunguka, fyuzi, rilei au mota.

Lichemkalo likikimbia tu: rejeta imeziba ndani au nje, au maji hayazunguki. Pitisha mkono kwenye rejeta baada ya kuzima na feni kusimama, utafute sehemu iliyobaki baridi. Maji ya kisima ya pwani, yenye chumvi, huziba mirija na kula hedi. Tumia kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi. Mfuniko wa rejeta nao ushike presha, karibu psi 11 hadi 15. Miji ya juu ambako maji huchemka kwenye nyuzi 94, mfuniko uliolegea peke yake unatosha kuchemsha gari.

Themostati (valvu ya joto inayofungulia maji kwenda kwenye rejeta) ikutwe mahali pake. Tabia ya kuitoa "ili injini ipoe" imeenea, na inaficha ugonjwa huku ikileta mwingine: injini haifiki joto lake, kompyuta inaendelea kumwaga petroli nyingi, petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda. Itumbukize kwenye sufuria ya maji yenye kipimajoto. Ianze kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84.

Gasketi ya hedi inajulikana hivi: injini baridi ikiwashwa, mpira wa juu unakuwa mgumu ndani ya dakika moja au mbili, kabla maji hayajapata moto, mapovu hayaishi mdomoni mwa rejeta, maji yanapungua bila tone chini ya gari, oili inakuwa kama chai ya maziwa. Mapovu ya dakika za mwanzo baada ya kujaza maji mapya ni hewa iliyonaswa, yape muda.

Milio

Tikitiki nyepesi juu ya injini ni nafasi za valvu. Mgongano mzito wa chini unaoongezeka ukikanyaga ni beringi za kondo (mkono unaoshika pistoni), na gari livutwe, lisiendeshwe. Chomoa nozeli moja moja: mgongano ukipungua, beringi ya silinda hiyo ndiyo mbovu. Taa ya oili ikimulika sailensa, funga geji ya presha mahali pa swichi yake: sailensa ya moto isipungue psi 4.3, na kwenye mizunguko 3,000 iwe kati ya 36 na 71. Swichi inayodanganya ni ya bei ndogo, kwa hiyo geji itangulie overholi.

Baada ya marekebisho yoyote futa misimbo, endesha kilomita 20 kwa hali ileile iliyoleta tatizo (mlima, foleni, AC), soma misimbo upya, kisha baada ya siku chache fungua plagi na ulinganishe rangi zake silinda kwa silinda.